Mama Alipougonga Mtumbwi

Juma lililopita tulimchinjia mgeni jogoo, nikamtumbukiza mwenyewe kwenye sufuria ya maji moto ili nimnyonyoe. Mvuke ulipopanda na ile harufu ya manyoya yaliyolowa ikanijaa puani, mikono yangu ikasimama. Wanangu wakaniuliza kama nimeungua. Nikawaambia hapana, endeleeni kumenya ndizi. Ningewaelezaje kwamba kwa muda ule nilikuwa nimesimama uani kwetu Kindu, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nimemshika jogoo miguu huku baba yangu akimchomoa manyoya ya shingoni, moja moja, akimwomba radhi kwa kila moja?

Wenzangu mliokua wakati ule mnaujua ua wenyewe. Mnakumbuka tulivyoimba kila asubuhi mbele ya bendera ya kijani kabla ya kuingia darasani, na Jumamosi tukashika majembe kwenda salongo, kufyeka majani ya barabarani bila kuuliza ni kwa nini. Mnakumbuka baba zetu walivyoitana “sitoyeni”, yaani raia, wamefunga makoti yao mpaka shingoni kwa sababu tai ilikuwa imekatazwa. Papa, baba yangu, alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Kasai, akaletwa Kindu na kazi ya kutengeneza vichwa vya treni. Chuma alikielewa kama wengine wanavyowaelewa watoto wao. Maji hakuyaelewa hata kidogo. Hakujua kuogelea, na alipoteremka mtoni Lualaba alisimama mbali, mikono mgongoni, kama mtu anayetazama nyumba ya tajiri kutoka barabarani.

Kilichombadilisha ni zawadi. Mkuu wake wa kazi, Mzungu mmoja mpole mwenye masharubu, alipofunga masanduku yake kurudi kwao, alimwachia Papa fimbo nyembamba ya kuvulia iliyokuwa vipande vitatu vya kuunganishwa, kigurudumu cha kuzungushia uzi, na kisanduku cha bati. Ndani ya kisanduku mlikuwa na ndoano ndogo zilizovishwa manyoya na nyuzi za rangi, kila moja imefanana na mdudu. Nzi, panzi, kerengende, wote wamelala pale kimya. Nilipokifungua mara ya kwanza nilikifunga haraka wasije wakaruka.

“Kwao kuko mito ya baridi,” Papa alinieleza, amechuchumaa mbele yangu kama anayefundisha katekisimu. “Maji inashuka mulimani. Mule ndani muko samaki moja, jina lake truti. Ule samaki anakula nzi. Sasa wao hawatumie minyoo. Wanarusha uzi, manyoya inatua juu ya maji pole pole, na truti anafikiri ni nzi ya kweli.”

“Papa, truti iko na mabawa?”

“Hapana.”

“Sasa manyoya anaitakia nini?”

Papa alifikiri sana. “Njo maana tunasema ni kumudanganya,” akajibu.

Jibu hilo halikunitosha. Kwa muda mrefu niliamini kwamba truti ni samaki mla ndege, na kwamba mmoja angeweza siku moja kuupanda mfereji mpaka kwetu. Kila jioni nilihakikisha kuku wameingia bandani kabla jua halijazama, na Mama akanisifu kwa bidii asiyoijua sababu yake.

Papa alianza kujifunza uani. Aliporudi kazini alivua koti, akaunganisha fimbo, akarusha uzi juu ya mihogo tuliyochuma majani yake ya sombe, nyuma, mbele, nyuma, mbele, midomo yake ikihesabu. Ndoano ilinasa kwenye papai, kwenye paa, kwenye nywele zangu. Siku moja ilinasa shati lililoanikwa kwa jirani, na jirani akalishika upande wake akapiga kelele, “Sitoyeni, leo umevua shati ya mukono murefu! Unapika na sombe ao na mafuta?” Mtaa mzima ukacheka. Papa naye akacheka, akaifuata ndoano yake, akarudi kurusha.

Mama hakucheka. Alikuwa ameketi mlangoni na cherehani yake, anamtazama. Manyoya ya ndoano yalipoanza kuchakaa na Papa akaamua kumtumia jogoo wetu, fundo lake likawa linafunguka kila mara. Alifunga, likateleza. Akafunga tena, likateleza. Mama alinyoosha mkono bila kusema, akachukua ndoano na uzi, akapitisha, akazungusha, akavuta kwa meno. Lile fundo halikufunguka tena. Nilidhani ni fundo la washonaji.

Mambo mengi kuhusu Mama niliyadhani hivyo. Nilijua ametoka Lokandu, lakini Lokandu kwangu lilikuwa jina tu, kama Kailo au Tunda. Sikujua kwamba watu wa huko hujifunza kupiga kafi kabla ya kujifunza kufunga vifungo. Nilichokijua ni kwamba mama yangu haendi mtoni. Mama za wenzangu wote waliteremka na masufuria na nguo, wakafua wakiimba, watoto wakioga pembeni. Mama alifua kwa maji ya kisima, na mimi nilikatazwa kuyakanyaga maji ya mto hata mpaka magotini. Darasani waliniambia, “Mama yako anaogopa maji sawa paka.” Nililia, lakini moyoni niliwakubali. Nilijiambia kwamba Mama hajui maji, maskini, na nikamwonea huruma yenye aibu ndani yake, ile huruma mbaya ambayo mtoto humwonea mzazi wake.

Baada ya miezi michache Papa alikuwa anarusha uzi vizuri kuliko nilivyotegemea. Tatizo likawa ukingo wa mto. Nyuma yake kulikuwa na miti na matete, na kila alipouvuta uzi nyuma, miti iliushika. Ndoano nne zilibaki juu ya mti mmoja, nyekundu na njano, ndege wakizishangaa. Akasema anataka mtumbwi, awe na nafasi nyuma na mbele.

“Mama Riziki,” akauliza tukiwa tunakula, “ninyi watu wa Lokandu, mutumbwi munachaguaka namna gani?”

“Sijui,” Mama akasema.

“Hata kidogo?”

“Sijui, Baba Riziki. Kula, bugali inapoa.”

Nami nikaamini kwamba hajui.

Jumamosi moja baada ya salongo, Papa alinishika mkono tukaenda mahali wauza mitumbwi walipokuwa wakifikia. Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Asumani, mtu wa maneno machache, aliyekuwa amepandisha mto na mitumbwi minne kutoka Lokandu. Papa aliizunguka yote. Akaupita mmoja mfupi, mnene, wa rangi ya majivu, uliokaa pale kama kiboko aliyelala. Akasimama mbele ya mwingine. Huo ulikuwa mrefu na mwembamba, umepakwa rangi ya bluu mbele, na mwepesi hata watu wawili wangeubeba. Alipitisha kiganja ukingoni mwake. Nilimwona akichagua kama alivyochagua shati la sikukuu.

“Hii,” akasema.

Asumani akatuingiza tuujaribu. Mimi mbele, Papa nyuma ameshika kingo mbili kwa nguvu, mzee akitusukuma huku maji yamemfika kiunoni. Mtumbwi uliteleza kama sabuni. Ulikuwa unayumba kidogo kila nilipogeuka, lakini nilidhani kuyumba ndiyo kazi ya mtumbwi. Tulipotoka Papa alikuwa na jasho na furaha. Wakakubaliana kwamba kesho yake asubuhi angeleta baiskeli yake, ile aliyoing'arisha kila Jumapili na kupandia kazini, aiache pale, na angeondoka na mtumbwi.

Jioni ile hakuweza kula. Alisimulia urefu, wepesi, rangi. Nami nilisimulia jinsi nilivyoketi mbele na kuona vidole vyangu chini ya maji. Mama akaweka tonge lake chini.

“Uliingia ndani?”

“Ndiyo, Mama.”

“Wakati uligeuka, mutumbwi ulifanya nini?”

Nikamwonyesha kwa kiganja. Huku, huku.

“Ndani, chini, kwa nyuma,” akaendelea, na sauti yake sikuitambua, “uliona kitu gani? Kuko mahali peusi?”

Nikakumbuka. “Karibu na miguu ya Papa. Mahali peusi sawa lami. Kadogo tu.”

Mama akanawa mikono. Papa akamuuliza ana nini, akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani. Nilifikiri amekasirika kwa sababu ya baiskeli. Wanawake wengi wangekasirika. Nililala nikijiandaa kuwa upande wa Papa.

Asubuhi nilimkuta Mama uani, amefunga kikwembe chake juu ya magoti kama anayekwenda shambani. Papa alitoka na baiskeli. Mama hakumtazama, akatangulia. Tukamfuata mtaa mzima, yeye mbele, Papa na baiskeli yake katikati, mimi nyuma, na majirani wakatoka milangoni kwa sababu walijua njia ile inakwenda wapi na ni nani anayeipita. Alipofika mahali mchanga unapoanza kuwa na unyevu alisimama. Nilikuwa karibu naye. Niliona vidole vya miguu yake vikijikunja ndani ya ndala. Kisha akazivua, akazishika mkononi, akaendelea.

Asumani alisimama kumpokea. Mama alimsalimia, akaenda moja kwa moja kwenye mtumbwi wa bluu. Akapiga goti na kuugonga kwa vifundo vya vidole, kama mtu anayebisha hodi. Alianzia mbele. Akagonga, akasikiliza. Akasogea kiasi cha shubiri moja, akagonga, akasikiliza. Sauti ilikuwa kavu na safi, ngo, ngo, ngo, nami nikaanza kuona haya kwa ajili yake, maana watu walikuwa wameanza kukusanyika. Hakuwa na haraka. Akafika katikati. Akafika nyuma. Pale sauti ikafa. Ilitoka pu, kama kugonga kiazi kilichooza.

Mama akaichimba lami kwa ukucha, ikabanduka. Akapabonyeza kwa kidole gumba, na kidole kikazama kwenye mti mpaka kiungo cha kwanza.

Asumani akaja, akainama, akaweka kidole chake pale alipokuwa ameweka Mama, akakitoa kimelowa. “Wallahi sikujua,” akasema. “Nilinunua kwa mwengine. Lami nilikuta tayari.” Akamtazama Mama mikono, kisha uso, kwa muda mrefu. “Weye ni Zaina. Zaina wa kugonga.”

Mama akaketi mchangani.

Mzee akamgeukia Papa. “Uko na Zaina mu nyumba na unakuja kuchagua mutumbwi peke yako? Huyu alikuwa mutoto sawa huyu wako, na wavuvi wazima walikuwa wanamungoja. Mutumbwi haikununuliwa Lokandu kama Zaina hajaugonga!”

Nilimtazama Papa ili anieleze, lakini Papa naye alikuwa anamtazama Mama kama aliyeletewa mtu mwingine. Ndipo Mama akaongea, ameketi palepale mchangani, akiuambia mtumbwi kuliko kutuambia sisi.

“Nilikuwa na mudogo wangu. Tulikuwa na arusi siku ile, nasikia ngoma, niko na haraka. Baba akanituma kuchagua. Niligonga mbele, nikagonga katikati. Nyuma sikugonga. Nikasema iko muzuri.” Akafuta kidole chake chenye maji kwenye kikwembe. “Yeye njo alivuka nayo. Katikati ya mto ikafunguka.”

“Uliniambia ilikuwa homa,” Papa akasema taratibu. “Riziki, uliniambia homa njo ilimuchukua.”

Nilisikia jina langu na nikadhani ananiita. Nikaitika. Wote wawili wakageuka kunitazama, na katika kugeuka kule nikaelewa kwamba jina langu lilikuwa la mtu kabla ya kuwa langu. Siku zote nilidhani nimeitwa Riziki kwa sababu nilizaliwa mwezi ambao Papa alipandishwa cheo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa.

Papa akaiegemeza baiskeli kwenye mti, akaja akaketi karibu na Mama, na suruali yake safi, mchangani. Hakumwambia asilie, wala hakumwambia ni mapenzi ya Mungu. Alikaa tu pale, bega lake likiligusa la mkewe, mpaka Mama alipovuta pumzi ndefu. Kisha akamuuliza kama mwanafunzi, “Sasa nionyeshe. Muzuri ni gani?”

Mama akamwonyesha. Aliinuka akaenda kwenye ule wa rangi ya majivu. Akaugonga wote, mbele mpaka nyuma, upande huu na ule, na popote alipogonga ulimjibu. Akamchukua Papa mkono, akaupitisha chini ya tumbo la mtumbwi ili aone jinsi lilivyo pana. “Ile ya bluu iko na tumbo ya yai, ukikohoa inageuka. Hii inakaa. Muti wake ni mvule, hauoze mbio. Ni muzito, ndiyo. Mutumbwi haichukuliwe kama shati, Baba Riziki.” Papa akainamisha kichwa akicheka, na Mama akacheka kidogo, macho yake bado yamelowa. Asumani aliichukua baiskeli, akaongeza makafi mawili juu ya mtumbwi bila kuombwa.

Kisha tukasimama hapo wote, mtumbwi ukiwa majini, na hakuna aliyejua linalofuata. Mama ndiye aliyesema, “Ingieni.”

Alisimama nyuma, na kafi. Papa aliketi katikati, mimi mbele. Sikuwahi kumwona mama yangu akifanya jambo lolote kwa urahisi ule, hata kushona. Mtumbwi mzito ulimtii. Tulifuata ukingo, nje ya mkondo mkubwa, mpaka mahali kijito cheusi kama chai kinapoingia Lualaba. Pale akausimamisha, akasema kwa kunong'ona kwamba samaki hungoja panapokutana maji mawili, Papa arushe uzi pale.

Papa akasimama. Akarusha. Nyuma hapakuwa na mti. Uzi ukajinyoosha juu ya vichwa vyetu, mrefu, ukatua bila sauti, na manyoya ya jogoo wetu yakaelea. Mara ya tatu au ya nne maji yakapasuka na mbenga, yule samaki ambaye meno yake hukaa nje ya mdomo, akaruka hewani, akatikisa kichwa, akaondoka na ndoano pamoja na uzi wake. Papa alipiga kelele kama mtoto. Tulipata baadaye samaki wawili wadogo wenye mapezi mekundu, wa kutosha mtu mmoja asiye na njaa, na nadhani sijawahi kula samaki watamu kama wale.

Lakini kabla ya kurudi, ndoano ya mwisho ilinasa chini, kwenye gogo lililozama. Papa akavuta, ikakataa. Akatoa kisu. “Basi, ikate,” akasema. “Si kitu.”

“Ngoja,” Mama akasema.

Aliniita nije nyuma, akanipa kafi. “Shika hivi. Usiache mutumbwi ugeuke.” Akakaza kikwembe kifuani, akashusha mguu mmoja, na kabla Papa hajamaliza kusema hapana, akaingia. Maji yakamfunika. Mviringo mmoja ulipanuka, ukafika kwetu, ukapita. Nilishika kafi kwa mikono miwili. Niliutazama uzi jinsi ulivyoingia majini, umenyooka, hautikisiki. Papa, ambaye mbele ya watu hakuwahi kumwita vingine ila Mama Riziki, aliinama ukingoni na kuita, “Zaina! Zaina!”

Uzi ukalegea. Akaibuka upande wa pili wa mtumbwi, mbali kuliko tulivyotazamia, ameinua ndoano juu, nywele zimemganda usoni. Alikuwa anahema, na alikuwa anacheka kicheko ambacho sijui alikuwa amekihifadhi wapi miaka yote ile. Akageuka, akalala chali juu ya maji kama mtu aliyelala kitandani kwake. Akaogelea polepole mpaka kwetu, akampa Papa ndoano yake, akashika ukingo wa mtumbwi mbele yangu.

Alinitazama kwa muda. Niliona hofu ikimrudia usoni, nikaiona pia ikishindwa.

“Riziki,” akasema, akaninyooshea mkono wake wenye maji. “Teremuka. Miye niko hapa.”

Nikamtazama Papa. Papa alichukua kafi mikononi mwangu. Nikavua gauni langu la Jumapili, nikalikunja vizuri, nikaingia.